Mtoto wa Tatu wa Gervaise: Jinsi Mfululizo wa Riwaya Unavyojikumbuka

Mwaka 1877 Émile Zola alitoa L'Assommoir, riwaya ya dobi mmoja wa Paris aitwaye Gervaise. Msomaji anamkuta Gervaise akiwa na wana wawili, Claude na Étienne, aliowazaa na Lantier. Baadaye anaolewa na Coupeau na kumzaa Nana. Basi. Mtoto mwingine hatajwi, si wakati wa neema, si wakati wa njaa na ulevi, wala siku Gervaise anapokutwa amekufa katika kijichumba cha chini ya ngazi. Miaka 13 ikapita. Mwaka 1890 ikatoka La Bête humaine, na mhusika wake mkuu ni dereva wa garimoshi, Jacques Lantier, mwana wa Gervaise. Tunaambiwa kwamba wazazi wake walipohamia Paris yeye aliachwa Plassans, akalelewa na ndugu wa upande wa baba.

Kama angekuwa mwandishi anayeandika kwa pupa, tungelipita jambo hili. Lakini Zola alipanga kuliko karibu kila mwandishi tunayemjua. Kabla hata ya 1870 alikuwa amempelekea mchapishaji Lacroix mpango wa riwaya kumi kuhusu familia moja yenye matawi mawili, Rougon na Macquart, chini ya utawala wa Napoleon III. Alijifungia maktaba akisoma vitabu vya sayansi ya urithi. Kwa kila riwaya alijaza jalada: muhtasari wa kisa, wasifu wa kila mhusika, michoro ya mitaa na nyumba, msamiati wa kazi za watu. Majalada hayo yamehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Mwaka 1878 aliuchapisha mti mzima wa ukoo ndani ya Une page d'amour, ili umma uone kwamba kazi ina ramani. Riwaya kumi zikawa ishirini, ya kwanza 1871, ya mwisho 1893. Pamoja na maandalizi yote hayo, ilimbidi aongeze tawi katika mti alioutangaza mwenyewe.

Sababu yake inafundisha kuliko kasoro yenyewe. Ukoo ule ulipaswa kumtoa muuaji, mtu aliyerithi hamu ya kuua kama wenzake walivyorithi ulevi, na nafasi hiyo iliwekwa kwa ajili ya Étienne. Kisha 1885 ikaja Germinal. Humo Étienne ni mchimba makaa ya mawe anayeongoza mgomo. Ana hasira na makosa yake, pombe inamtia wazimu, lakini amebeba matumaini ya watu wengi, na wasomaji walimpokea hivyo. Zola alipofika kwenye riwaya ya reli na mauaji alikuta mtu aliyemwekea kazi hiyo hafai tena. Mpango wake ulisema Étienne ni muuaji. Kitabu kilichokwisha kusomwa kilikataa. Zola akakifuata kitabu.

Naona alifanya sawa, na katika uamuzi ule ndimo lilimo suala zima la mfululizo. Mwandishi wa riwaya moja ana bwana mmoja tu, yaani muswada ulio mezani. Akitaka kumbadilisha mhusika katika sura ya ishirini, anarudi sura ya pili na kuisahihisha. Mwandishi wa mfululizo hana uhuru huo. Kitabu cha kwanza kimekwisha kuchapwa, kimenunuliwa, kimeazimwa, kimejadiliwa. Mpango wa kitabu kijacho ni mali ya mwandishi na anaweza kuuchana usiku wa leo, ilhali kitabu kilichotoka ni mali ya msomaji pia. Ndiyo maana nashawishika kwamba mifululizo mingi inayoyumba haiyumbi kwa kukosa mpango wa mbele, bali kwa kukosa kumbukumbu kamili ya yaliyokwisha kusemwa. Washauri wa uandishi huhimiza sana mpango na kuigusa kumbukumbu juu juu.

Kinachoharibika kwanza ni miaka. Zola alijifungia ndani ya utawala uliodumu miaka 18 tu, tangu 1852 hadi 1870, na ufalme huo ulianguka wakati riwaya yake ya kwanza ikiwa bado inatoka gazetini. Tangu hapo akaishi miaka zaidi ya ishirini akiandika juu ya kipindi kilichofungwa. Mgomo wa Germinal umewekwa katika miaka ya 1860, lakini alichokiona kwa macho kabla ya kuuandika ni mgomo wa machimbo ya Anzin wa mwaka 1884. Nana anazaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1850 na kufa 1870 wakati vita na Prussia vinaanza. Hajatimiza miaka ishirini, ilhali ndani ya miaka hiyo amekwisha kuwa mama, mwigizaji maarufu, na mwanamke aliyefilisi wanaume wenye majina makubwa. Hesabu inabana mno. Msomaji anayefuata moyo wa kisa haoni. Anayeshika kalamu na kuhesabu huona mara moja.

Agatha Christie alinaswa na hesabu hiyohiyo kwa njia nyingine. Mwaka 1920, katika riwaya yake ya kwanza, alimleta Hercule Poirot akiwa polisi mstaafu wa Ubelgiji. Hakujua kwamba angeishi naye zaidi ya nusu karne. Riwaya ya mwisho ya Poirot, Curtain, ilitoka 1975, na mtu aliyekwisha kustaafu wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia angekuwa amepita miaka mia moja. Christie mwenyewe alikiri katika tawasifu yake kwamba alikosea kumwanza akiwa mzee vile. Hata hivyo alifanya jambo moja la busara: Curtain aliiandika mapema, wakati wa Vita vya Pili, akaifungia. Kwa hiyo mwisho wa Poirot uliandikwa na mwandishi aliyekuwa bado na nguvu zake zote, na uliwasubiri wasomaji zaidi ya miaka thelathini.

Sue Grafton wa Marekani aliliona tatizo hilo tangu mbali. Alianza mwaka 1982 na riwaya ya mpelelezi wa kike, Kinsey Millhone, kila kitabu kikichukua herufi moja ya alfabeti. Akaamua kwamba saa ya Kinsey itakwenda polepole kuliko saa ya dunia. Kitabu cha herufi Y kilipotoka 2017, Kinsey alikuwa bado katika mwaka 1989. Vitabu 25 vimejaa ndani ya takriban miaka saba ya maisha yake. Faida yake ni kubwa: mpelelezi hazeeki, simu za mkononi haziingii kuua mafumbo, na mwandishi hahitaji kujifunza upya dunia kila baada ya miaka miwili. Grafton alifariki Desemba mwaka huohuo, na herufi ya mwisho haikuandikwa.

George R. R. Martin alijaribu kinyume chake. Baada ya kitabu cha tatu cha A Song of Ice and Fire, mwaka 2000, alikusudia kuruka miaka mitano ili wahusika wake watoto wakue na mazimwi wakomae. Kwa watoto mpango ulikubali. Kwa watu wazima wenye vita na visasi mikononi haukukubali, kwa sababu hakuna mfalme anayekaa miaka mitano bila kutenda, na kama ametenda, msomaji anataka kuona. Akayaacha aliyoyaandika na kuanza upya. Kitabu cha nne kilitoka 2005. Ukiruka wakati kwa ajili ya mhusika mmoja, umewarukia wote, hata wale ambao habari zao hazikuruhusu kurukwa.

Huku kwetu kalenda ina ukali wa pekee, kwa sababu historia yetu ya karibuni imejaa tarehe ambazo kila familia inazikumbuka. Mwandishi wa Tanzania akisema katika kitabu cha kwanza kwamba shujaa wake alikwenda Vita vya Kagera mwaka 1978 akiwa na miaka ishirini, amekwisha kusema mengi bila kujua. Amesema alizaliwa 1958. Amesema alikuwa na miaka kumi na mitano Operesheni Vijiji ilipopamba moto, kwa hiyo anakumbuka nyumba yao ilikuwa wapi kabla ya kuhamishwa. Amesema vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992 alikuwa na miaka thelathini na minne. Na kama kisa kiko Bara, familia hiyo haikuweza kutazama kituo cha televisheni cha Bara sebuleni mwaka 1985, kwa kuwa vituo hivyo vilianza katika miaka ya 1990. Zanzibar ilitangulia kwa miaka mingi. Kwa Kenya, mhusika aliyezaliwa 1960 hawezi kuwa amefanya mtihani wa KCPE, kwa sababu mtihani huo ulianza 1985. Katika riwaya moja kosa la namna hii ni doa. Katika mfululizo huzaa, kwa kuwa kitabu cha pili hujengwa juu yake na cha tatu juu ya cha pili.

Baada ya miaka hufuata nasaba, na hapa msomaji wa Kiswahili ni hakimu mkali. Ukimwita mtu baba mdogo wa shujaa, umemweka upande wa baba, umesema ni mdogo kwa baba, na umewafanya watoto wake kuwa ndugu wa shujaa. Katika kitabu cha tatu akigeuka mjomba, umemhamisha kwenda upande wa mama, na pamoja naye yamehama mambo ya urithi, ya mahari, ya nani anakaa mbele siku ya posa. Vilevile salamu. Mtu aliyepewa shikamoo na shujaa katika kitabu cha kwanza hawezi kuitana naye jina tupu katika cha pili bila kisa cha kueleza kilichobadilika. Hata lugha ya mhusika ni ahadi. Mama aliyezungumza Kimvita katika sura za mwanzo akianza kusema kama mtangazaji wa redio ya Dar es Salaam, msomaji wa Mombasa atajua mwandishi amemsahau.

Lakini kasoro ngumu kuliko zote haziko katika miaka wala ukoo. Ziko katika swali hili: nani anajua nini, na alijua lini? Arthur Conan Doyle ndiye mfano wa wazi. Katika hadithi ya 1893 iliyomuua Sherlock Holmes, Watson anaulizwa kama amewahi kusikia habari za Profesa Moriarty, naye anajibu hapana. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, Doyle aliandika The Valley of Fear, riwaya ambayo matukio yake yanatangulia kifo kile, na humo Watson anamjua Moriarty vizuri kabisa. Wapenzi wa Holmes wamelitolea jambo hili maelezo ya kila namna, kama walivyofanya kuhusu jeraha la Watson, ambalo katika riwaya ya 1887 liko begani na katika ile ya 1890 liko mguuni. Jeraha linasameheka, kwa sababu begani au mguuni, Watson ni yuleyule. La Moriarty linauma zaidi, kwa sababu mshangao wa Watson ndio uliotufanya sisi tumwogope Moriarty. Kama alikwisha kumjua, hofu yetu ya 1893 haikuwa na msingi.

Upande wa pili wa mizani namweka Chinua Achebe. Alianza na wazo la riwaya moja ya vizazi vitatu, akaona kisa kinapwaya, akakigawa. Things Fall Apart ilitoka 1958, ile tunayoisoma kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo; No Longer at Ease ikafuata 1960. Kizazi cha kati, cha Nwoye aliyejiunga na wamisionari na kuitwa Isaac, hakikupata riwaya yake. Tunamkuta Isaac akiwa mzee, katekista mstaafu, baba yake Obi. Kuna wakati mzee huyo anamwambia mwanawe habari za Ikemefuna, kijana aliyeishi nao na aliyeuawa kwa mkono wa Okonkwo, babu yake Obi, na jinsi yeye mwenyewe alivyoondoka nyumbani kwenda kwa wazungu. Msomaji wa kitabu cha kwanza alikuwapo usiku ule. Alimwona Nwoye mtoto akitambua bila kuambiwa kwamba Ikemefuna hayupo tena, na kitu kikivunjika ndani yake. Sasa, baada ya miaka zaidi ya hamsini ya maisha ya mhusika, anamsikia akilitaja jeraha lile kwa mdomo wake.

Hapo Achebe hakurudia tu jambo alilolisema. Hilo mwandishi yeyote mwangalifu angeweza. Alihakikisha kwamba mzee anakumbuka kama yule mtoto angekumbuka, kwa uchungu wa mtoto na si kwa maelezo ya msimulizi. Isaac hajui yaliyopita moyoni mwa Okonkwo, ingawa sisi tunayajua kwa kuwa msimulizi alitufunulia. Mwandishi amejizuia asimpe mhusika wake ujuzi wetu. Kila ninapofika mahali hapo naiona kazi kubwa iliyofanyika bila kelele, na ningependa kila anayeanza kitabu cha pili asome sura hizo mbili siku moja, moja baada ya nyingine.

Je, si rahisi zaidi kuandika vyote kabla ya kutoa hata kimoja? Naguib Mahfouz alifanya karibu hivyo. Hadithi yake ya familia ya Kairo, inayoanza 1917 na kuishia 1944, ilikuwa muswada mmoja mkubwa uliokamilika kabla ya mapinduzi ya Misri ya Julai 1952. Mchapishaji alishtushwa na unene wake, na hatimaye kazi ikagawanywa mara tatu, kila sehemu ikibeba jina la mtaa, ikatoka 1956 na 1957. Kwa hiyo Kamal, ambaye ni mtoto katika sehemu ya kwanza, kijana mwenye mapenzi yasiyojibiwa katika ya pili na mwalimu mpweke katika ya tatu, alikua ndani ya muswada mmoja, na mwandishi aliweza kurudi nyuma na kurekebisha. Ukomavu wa kazi ile umetokana kwa sehemu na bahati hiyo. Naiita bahati kwa kuwa Mahfouz alikuwa na mshahara wa serikali. Mwandishi anayeishi kwa kitabu hadi kitabu hawezi kukaa na kurasa elfu moja kabatini.

Njia nyingine ni kurudi na kukifumua kitabu kilichotoka. J. R. R. Tolkien alichapisha The Hobbit mwaka 1937 kama kitabu cha watoto. Humo pete ya kumfanya mtu asionekane ni kitu cha ajabu tu, na Gollum yuko tayari kuitoa zawadi akishindwa katika mchezo wa vitendawili. Alipoingia katika The Lord of the Rings, pete ikawa chanzo cha uovu wote, kitu ambacho mtu hawezi kukiachia kwa hiari. Sura ya vitendawili ikawa haiwezekani. Tolkien akaiandika upya, na toleo la 1951 likabeba sura mpya. Ila wasomaji wa 1937 walikuwa na kitabu cha zamani mikononi, naye hakujifanya hawapo. Aliingiza ndani ya hadithi maelezo kwamba masimulizi ya kwanza yalikuwa uongo wa Bilbo mwenyewe, na kwamba uongo huo ulikuwa dalili ya mapema ya pete kumharibu. Kasoro ya mwandishi ikageuka tabia ya mhusika, na hadithi ikapata nguvu. Linganisha na mtoto wa tatu wa Gervaise, ambaye kuachwa kwake Plassans kunaeleza tu kwa nini hatukumwona. Kiraka cha Zola kinaziba tundu. Cha Tolkien kinaongeza maana.

Tukirudi katika Kiswahili, mfululizo wetu unaojulikana zaidi ni wa wapelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la Shirika la Fasihi la Afrika Mashariki la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960, na hapo Bwana Msa akaingia katika fasihi yetu pamoja na rafiki yake Najum. Vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa, na mwaka 1984 Kosa la Bwana Msa. Aristablus Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974 na kumrudisha katika Kikosi cha Kisasi mwaka 1979 na vingine baada ya hapo. Ben Mtobwa alimpa msomaji wa miaka ya 1980 Joram Kiango, na Inspekta Kombora wa polisi akimfuata kitabu hadi kitabu.

Vitabu hivi vingi vimejengwa hivi kwamba unaweza kuanza na chochote. Kisa kinafunguka na kufungwa ndani ya jalada moja, shujaa anatambulishwa upya, na yaliyotokea kitabu kilichopita yanaguswa kidogo au hayaguswi. Wahakiki wengine wameona hapo udhaifu wa sanaa. Mimi naona kwanza hali ya soko. Mwandishi wa miaka ile hakuweza kuwa na hakika kwamba msomaji wake wa Mwanza au Mtwara amekipata kitabu cha kwanza. Nakala zilikwisha na kuchapwa tena kulichelewa. Watu walisoma kwa kuazimana, wakianza na kile kilichofika mikononi. Kudai katika hali hiyo msomaji akumbuke ni kumfukuza. Mfululizo unaokumbuka kila kitu unahitaji wachapishaji wanaoweka kitabu cha kwanza dukani muda wote ambao cha tano kinauzwa, na hilo halitegemei kipaji cha mwandishi.

Hata hivyo tazama anwani ya Kosa la Bwana Msa. Kwa mgeni ni anwani ya kawaida. Kwa aliyemfuata Bwana Msa tangu 1960, akimwona kila mara akifumbua mafumbo yaliyowashinda wengine, anwani hiyo ni mshtuko kamili kabla hajafunua ukurasa: yeye naye anaweza kukosea? Maneno manne yameweka kazini kumbukumbu ya karibu robo karne. Abdulla alijua kwamba wasomaji wake wanakumbuka, hata kama vitabu vyake vingine havikuwadai wakumbuke.

Willy Gamba ana tatizo ambalo Bwana Msa hana, kwa sababu Musiba alimfunga kwenye siasa za siku zake. Kufa na Kupona iko katika zama za ukombozi wa kusini mwa Afrika, Dar es Salaam ikiwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mwaka 1980 Zimbabwe ikawa huru, 1990 Namibia, 1994 Afrika Kusini, na kamati yenyewe ikafungwa. Jasusi aliyekuwa kijana shupavu mwaka 1974 hawezi kuhamia katika maadui wapya wa miaka ya 1990 bila mvi. Bwana Msa anaweza kubaki bila umri kwa sababu mafumbo yake ni ya nyumba, ndoa na urithi, na hayo hayana tarehe. Anayeanza mfululizo leo na aamue mapema yuko upande gani: shujaa asiyezeeka katika dunia isiyo na magazeti, au shujaa anayesoma gazeti na kuzeeka nalo. Kuchanganya hizo mbili ndiko kunakovunja vitabu.

Kuna uwanja mwingine ambako mfululizo wa Kiswahili umestawi sana, yaani hadithi za kuendelea. Magazeti ya Dar es Salaam yalizilea kwa miaka mingi, Eric Shigongo akiwa miongoni mwa majina makubwa, na sasa zimehamia katika simu, sehemu ya kwanza, ya pili, ya arobaini, kila moja ikikatika mahali pa moto. Mwandishi wa namna hii huchapisha leo alichokiandika jana. Hana nafasi ya kusahihisha, na wasomaji wake wana sehemu zote mkononi na wanasoma kwa ukali. Dada wa shujaa akibadilika jina, atajulishwa kabla ya chakula cha usiku. Nafuu yake ni kwamba masahihisho huja haraka. Hatari ni kwamba anajizoeza kutegemea kumbukumbu ya wengine, na siku anapokusanya sehemu themanini ziwe kitabu, anagundua hana rekodi yoyote zaidi ya sehemu zenyewe.

Rekodi hiyo, iwe daftari au faili la kompyuta, haihitaji ufundi mkubwa, ila inahitaji kujazwa wakati sahihi. Waandishi wengi huijaza kabla ya kuandika, kisha huiacha. Ijazwe baada: kitabu kikishachapwa, mwandishi akae na nakala iliyochapwa, si muswada, kwa kuwa mhariri amebadilisha mambo na kumbukumbu ya mwandishi imechanganya matoleo matatu. Aandike kila tarehe na kila umri ulivyotajwa, na ukurasa wake. Aandike nani ni nani kwa nani, nani anamwamkia nani, makovu na maradhi, nyumba ina milango mingapi na inatazama wapi. Na aandike safu moja ambayo watu huisahau: mwisho wa kitabu hiki kila mhusika anajua nini, anaamini nini kisicho kweli, na amemwahidi nani jambo gani. Ningelazimishwa kubaki na safu moja tu, ningebaki na hiyo. Macho ya kahawia yakigeuka meusi msomaji hutabasamu. Ahadi iliyosahauliwa humfanya afunge kitabu.

Wapo watakaosema kwamba uangalifu huu unaua uhai, na shahidi wao mkuu ni William Faulkner. Riwaya zake tatu za akina Snopes zilitoka 1940, 1957 na 1959, na vitabu hivyo havipatani mahali pengi. Mbele ya kile cha mwisho aliweka maelezo mafupi, akikubali kwamba kuna tofauti, na akasema zimetokana na yeye kuwafahamu zaidi watu wale baada ya kuishi nao miaka 34. Hoja hiyo naiheshimu, na kwa Faulkner naikubali, kwa sababu alikuwa anajua alichokibadilisha. Lakini hairuhusu kusahau. Mhusika mpole anaweza kugeuka katili katika kitabu cha tatu. Maisha hufanya hivyo. Mwandishi anapojua kwamba anamgeuza, ataweka mahali fulani sababu, hata kama ni neno moja au ukimya mmoja mezani. Anayemgeuza kwa kusahau haweki kitu, na msomaji anahisi pengo. Anayetaka kuvunja alichokisema na akivunje akiwa na kitabu cha kwanza wazi mbele yake. Kezilahabi katika Nagona na Mzingile hakufuata kalenda wala wasifu, na vitabu vile viwili bado vinaitana, kwa kuwa kinachovifunga ni maswali na taswira zinazorudi. Huo nao ni uaminifu, wa aina nyingine.

Faida ya mwisho ya rekodi huonekana mwandishi anapoondoka. Robert Jordan alifariki Septemba 2007 kabla ya kumaliza The Wheel of Time, kazi iliyoanza 1990 na yenye wahusika wasiohesabika. Aliacha maelezo mengi, na waliokuwa wakimsaidia kutunza kumbukumbu za mfululizo walikuwa bado wapo. Mkewe Harriet McDougal, aliyekuwa pia mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson, na vitabu vitatu vya mwisho vikatoka 2009, 2010 na 2013. Bila kumbukumbu zile kazi isingewezekana, au ingekuwa ya mtu mwingine kabisa.

Abdulla alifariki 1991, Mtobwa 2008, Musiba 2010. Wasomaji wao bado wapo, na bila shaka yupo kijana anayetamani kumrudisha Joram Kiango barabarani, kwa idhini ya warithi. Ataanzia wapi? Hata kama hakuna daftari lililobaki, vitabu vipo, na mtu anaweza kulitengeneza kutoka humo: asome kimoja baada ya kingine kwa mpangilio wa kutoka kwake, aandike Joram ana miaka mingapi kila mahali inapotajwa, Kombora anamfahamu tangu lini, nani amekufa, nani ameona nini, mtaa gani wa Dar es Salaam umetajwa kwa jina lake la zamani. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu zinaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo, mfululizo mmoja kwa kundi moja, na kuyaweka matokeo maktabani. Mhariri anayechapa upya vitabu hivyo angekuwa wa kwanza kulifungua daftari hilo, kabla hajagusa hata nukta.